Deni la Mwanga: Mazungumzo kuhusu Lenzi za Makro Msituni

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotupokea, wapigapicha wenzangu, na ninyi vijana mliopanda mabasi ya alfajiri kutoka Tanga, Korogwe na Muheza ili tuwe pamoja hapa: wakubwa zangu shikamooni, na wengine nawasalimu.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba niseme machache kuhusu uzuri wa viumbe vidogo vya misitu yetu. Nilimwomba radhi na kumwambia kwamba uzuri huo hauhitaji msemaji, kwa kuwa kila aliyewahi kuinama juu ya jani lenye umande ameuona, na kwamba ningependa zaidi kuzungumzia kero, maana kero ndiyo inayowafanya watu wengi wanunue lenzi ya makro, yaani lenzi ya kupigia picha vitu vidogo kwa karibu sana, mwezi wa kwanza na kuitafutia mnunuzi mwezi wa nne. Alikubali, kwa hiyo lawama za mada hii zisimfikie yeye.

Kero zenyewe mnazijua. Unamwona mdudu mzuri, unasogea, picha inatoka nyeusi. Unaongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inatoka na chengachenga kama televisheni ya zamani iliyokosa antena. Unapunguza kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, inatoka imetikisika. Unafungua tundu la lenzi, jicho la mdudu linakuwa wazi lakini mdomo wake umeyeyuka kama samli. Mwanafunzi huyahesabu mambo hayo kuwa matatizo manne na kutafuta dawa nne. Mimi nimechukua muda mrefu, pengine mrefu kuliko ilivyostahili, kuelewa kwamba ni deni moja, deni la mwanga, linalodaiwa kwa majina manne, na kwamba swali la maana kabla ya kupiga magoti ni nani atakayelilipa.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua lenzi ya makro iliyokwisha kutumika, ya milimita 105, iliyoandikwa f/2.8 kwenye ukingo wake, namba ya upana wa tundu, ambayo ikiwa ndogo tundu ni pana na mwanga ni mwingi. Nilipoielekeza kwenye mnazi ulio ng'ambo ya barabara, kamera ilisoma 2.8 kama ilivyopaswa. Nilipousogelea mdudu juu ya ua, namba ikaanza kupanda yenyewe bila mimi kugusa kitu: 3.2, ikawa 3.5, ikawa 4, na nilipofika karibu kabisa ikasimama kwenye 4.8. Nikajua nimeuziwa lenzi mbovu. Rafiki yangu aliyekuwa na kamera ya kampuni nyingine alinithibitishia hofu hiyo, kwa sababu lenzi yake yeye ilisoma 2.8 mbali na karibu bila kubadilika. Nikaibeba kwa fundi nikiwa na maneno makali tayari mdomoni. Fundi yule, mzee mwenye subira, aliifunga kwenye kamera yake, akaizungusha mara mbili, akanirudishia na kusema, "Lenzi nzima hii, mwanangu. Kamera yako imekuwa mkweli tu."

Alikuwa sahihi. Kamera za Nikon, zinapofungwa lenzi zao za makro, huonyesha namba ya f kama inavyokifikia kihisi kwa umbali ule uliopo. Kamera za Canon huonyesha namba iliyoandikwa kwenye lenzi na kunyamaza kuhusu mengine. Mwanga uliopotea ndani ya kamera ya rafiki yangu ulikuwa mwingi sawa na uliopotea ndani ya yangu, ila yeye hakuarifiwa. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali ambapo msemo huo unakaa vizuri kuliko hapa.

Sasa mwanga huo huenda wapi? Wengi hudhani unanyonywa na vioo, kwa kuwa lenzi ya makro ina vioo vingi. Sivyo. Usiku wa leo mkirudi nyumbani, chukueni kurunzi, simameni karibu na ukuta mweupe, mtazame duara la mwanga. Kisha rudini nyuma mpaka umbali uwe mara mbili. Duara litakuwa pana mara mbili, eneo lake litakuwa kubwa mara nne, na kila kipande cha ukuta ndani ya duara hilo kitapokea robo ya mwanga kiliokuwa kikipokea mwanzo. Betri haikuchoka, bali mwanga uleule umetandazwa mahali pakubwa zaidi. Lenzi inafanya hivyohivyo mbele ya kihisi, yaani kile kipande kilicho ndani ya kamera kinachopokea picha, ambacho zamani kilikuwa filamu. Lenzi sahili ya milimita 100 ikitazama mnazi wa mbali husimama milimita 100 mbele ya kihisi. Ili imwone mdudu kwa ukubwa wake halisi inapaswa kusogea mbele mpaka iwe milimita 200. Umbali umekuwa mara mbili, kwa hiyo mwanga umekuwa robo, na sehemu kubwa ya lile duara pana sasa inaangukia pembeni mwa kihisi, ndani ya kuta nyeusi za kamera, ambako haimsaidii mtu.

Ninaposema ukubwa halisi nakusudia uwiano wa moja kwa moja: mdudu mwenye milimita 7 anachora picha ya milimita 7 juu ya kihisi. Hesabu yake haihitaji kikokotoo. Chukueni ukuzaji, ongezeni moja, kisha zidisheni jibu kwa jibu hilohilo. Kwenye nusu ya ukubwa halisi ni moja na nusu mara moja na nusu, yaani 2.25, maana yake mwanga umepungua zaidi kidogo ya nusu, au kama wapigapicha tunavyosema, zaidi kidogo ya stopu moja, kwa kuwa kila stopu inayopotea ni mwanga kupungua kwa nusu. Kwenye ukubwa halisi ni mbili mara mbili, yaani nne, stopu mbili kamili. Kwenye mara mbili ya ukubwa halisi ni tisa. Kwenye mara tano, ambayo lenzi chache sana kama MP-E 65 ya Canon huifikia, ni 36, na anayefika huko akiwa na mwanga wa jua peke yake anajitesa.

Namba hizi hubadilika kidogo kwa lenzi za kisasa, kwa sababu nyingi hazirefuki tena kwa mbele. Vioo vyake husogea ndani kwa ndani, na zinapokaribia kitu hupunguza urefu wake wa fokasi, zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi, kwa siri. Ndiyo maana lenzi yangu ilisimama kwenye 4.8 badala ya 5.6. Lakini msidhani kwamba mhandisi amelifuta deni. Amelihamishia kwingine, kwa maana lenzi iliyojifupisha hukulazimisha usogee karibu zaidi na mdudu, na suala hilo nitalirudia.

Kwa faida ya wenye kupenda historia, jambo hili lilikuwa zito kweli kwa waliotutangulia. Lenzi ya Makro-Kilar ya Heinz Kilfitt, inayohesabiwa kuwa lenzi ya kwanza ya makro kwa kamera za filamu ya milimita 35, ilitoka mwaka 1955, wakati mpigapicha alipima mwanga kwa kipimo cha mkononi kisichojua lolote kuhusu umbali wa lenzi na filamu. Alipaswa kukokotoa mwenyewe, na akisahau filamu nzima inaharibika. Katika miaka ya 1960 Nikon walitengeneza lenzi ya milimita 55 ambayo tundu lake lilijifungua polepole kadiri lenzi ilivyosogezwa mbele, ili kufidia kilichopotea. Leo kamera inapima mwanga uliokwisha kupita kwenye lenzi na kujirekebisha yenyewe, na hapo ndipo tulipopumbazwa: hesabu inafanyika bila sisi, tunaona tu kasi ya shata imeshuka na kuilaumu kamera.

Tuingie msituni sasa, maana hesabu ya ukumbini ni nyepesi. Wengi wenu mmepanda kutoka Muheza kwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Ni katika milima hii ya Usambara ambako mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikusanya ua dogo la zambarau ambalo lilipewa jina la Saintpaulia na leo limejaa kwenye madirisha ya nyumba za watu duniani kote. Ua hilo linakaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevunyevu. Kinyonga mdogo wa Usambara Mashariki, Rhampholeon temporalis, asiyezidi urefu wa kidole na mwenye rangi ya jani kavu, anakaa chini kabisa kwenye vichaka. Hakuna hata mmoja kati yao anayeishi juani, na anayetaka kuwapiga picha lazima ashuke walipo.

Juani, saa sita mchana, ISO 100, tundu la f/16, kasi ya shata ni takribani 1/100 ya sekunde. Hiyo ni kanuni ya zamani na bado inafanya kazi. Wekeni f/8 kwa ukubwa halisi. Kwa kuwa mmepoteza stopu mbili, f/8 hiyo inafanya kazi ya f/16, basi juani mtapata 1/100. Sasa ingieni chini ya miti. Tuchukulie kwamba mwanga umepungua mara 64 tu, yaani stopu sita, na chini ya mwavuli mnene kabisa hupungua kuliko hapo. Ile 1/100 imekuwa zaidi ya nusu sekunde. Pandisheni ISO mpaka 1600, mtapata 1/25. Na kwa f/8 hiyohiyo, kwa ukubwa halisi, sehemu itakayoonekana wazi mbele na nyuma ya fokasi haifiki vizuri milimita moja. Milimita moja, ndugu zangu, kwa 1/25 ya sekunde, mkononi, juu ya kinyonga.

Na kinyonga mnamjua. Hatembei kama wanyama wengine; hutia mguu, huurudisha, huyumba mbele na nyuma kama jani lenye upepo, ndiyo sababu babu zetu wakasema mwendo wa kinyonga. Mpigapicha aliyepiga magoti naye anayumba, kwa pumzi yake na kwa mapigo ya moyo wake. Kuna mayumbo mawili yanayotafutana ndani ya milimita moja.

Watu husema, kama mwanga ni mdogo, fungua tundu. Ukifungua kutoka f/8 hadi f/4, 1/25 inakuwa 1/100, jambo jema, lakini ile milimita moja inakuwa nusu milimita. Wengine husema, kama kina, yaani ile sehemu iliyo wazi mbele na nyuma ya fokasi, ni kidogo, funga tundu mpaka f/22. Hao nawaonya zaidi. Mwanga unapopita kwenye tundu dogo sana husambaa kwenye kingo zake, na kila nukta ya picha inageuka kuwa doa. Tena tundu linalohesabika hapa ni lile halisi: f/16 iliyowekwa kwa ukubwa halisi ni f/32 ya kweli, ambayo doa lake lina upana wa takribani mikroni 43, mikroni ikiwa sehemu ya elfu ya milimita, wakati nukta moja ya kihisi cha megapikseli 24 cha ukubwa wa filamu ina mikroni sita tu. Utapata mdudu mzima aliye wazi kwa usawa, na hakuna hata sehemu moja yake iliyo kali. Kwa ukubwa halisi mimi huishia f/11, na nikienda mara mbili ya hapo huishia f/8 au chini yake, hata kama picha inanililia kina.

Nizungumzie mikono, kwa kuwa hapo ndipo vitabu vya maelekezo hunyamaza.

Mmefundishwa kwamba kwa lenzi ya milimita 100, kasi ya 1/100 inatosha mkononi. Kanuni hiyo ni ya mnazi, si ya mdudu. Unapopiga picha ya Mlima Kilimanjaro kutoka Moshi, mkono wako ukisogea pembeni milimita moja mlima hautajua. Kinachoharibu picha ni kamera kugeuka kwa pembe. Lakini kwa ukubwa halisi, kamera ikisogea pembeni milimita moja, picha nayo inateleza milimita moja juu ya kihisi, na kwenye kihisi nilichotaja hizo ni nukta zaidi ya 160. Vidhibiti vya mtikisiko vya zamani vilijua kurekebisha pembe tu, ndiyo maana vilionekana kufa kila tuliposogea karibu. Mwaka 2009 Canon walitoa lenzi ya milimita 100 yenye kidhibiti kinachorekebisha pembe na msogeo pia, na hata hiyo, kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe, inaokoa stopu nne mbali na stopu mbili tu kwa ukubwa halisi. Stopu mbili ni msaada, siukatai, lakini tazameni: ni zilezile mbili zilizopotea njiani. Umerudishiwa chako, hukupewa zawadi. Na kidhibiti hakijui lolote kuhusu kuyumba mbele na nyuma, ambako ndiko kunakohamisha fokasi kutoka jichoni kwenda begani.

Kwa hiyo nimeacha kabisa fokasi otomatiki nikiwa karibu sana. Lenzi ya makro ina safari ndefu ya kuzunguka. Ikikosa alama ya kushika, inakwenda mwanzo mpaka mwisho na kurudi ikilalamika, na mdudu ameondoka. Ninaweka ukuzaji ninaoutaka kwa mkono, siugusi tena, kisha ninauinamisha mwili wangu mbele kidogo kidogo na kubonyeza jicho linapopita kwenye ukali, picha tatu nne mfululizo, mwishoni mwa kutoa pumzi. Viwiko viwe vimegusa kitu: magoti, gogo, ardhi. Kama mdudu yuko kwenye kijiti chembamba, nakishika kijiti kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, na lenzi naiegemeza juu ya mkono huohuo, ili kijiti na lenzi viyumbe pamoja. Watu huniona wa ajabu ninaposema hivyo, lakini mbinu hii imenipa picha nyingi kuliko stendi yoyote. Stendi ya miguu mitatu inafaa kwa ua na uyoga. Kwa mdudu, ukimaliza kufungua mguu wa pili, ameshuka upande wa chini wa jani. Kifuko cha mchele nusu kilo kilichowekwa chini ya lenzi hakifunguliwi miguu, na jioni kinaliwa.

Kabla ya kupiga magoti tazameni chini. Nilipiga magoti juu ya njia ya siafu mara moja tu maishani, na picha ya siku hiyo sitawaonyesha.

Saa nazo zina neno. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi wadudu wengi bado ni wazito kwa baridi, wana umande mgongoni, na upepo haujaamka. Ni saa yenye mwanga hafifu kuliko zote, hilo ni kweli, na ndiyo maana nawaambia kwamba asiyepanga namna ya kulipa deni la mwanga ananyang'anywa hata saa nzuri.

Sasa ule umbali nilioahidi kuurudia. Kwenye lenzi ya milimita 100 mtasoma kwamba inakaribia hadi mita 0.3, na mnunuzi anafurahi kwamba atakaa sentimita 30 kutoka kwa mdudu. Umbali ule hupimwa kutoka kwenye kihisi, nyuma huko ndani ya kamera, si kutoka kwenye kioo cha mbele. Ondoeni unene wa kamera na urefu wa lenzi. Kinachobaki mbele ni takribani sentimita 15, na kwa lenzi ya milimita 60 ni kama 10 au pungufu. Ndani ya nafasi hiyo ndogo lazima mwanga upite, na ninyi wenyewe mmeuziba: kichwa chako, kofia yako, na ile kava ya kukinga jua iliyo mbele ya lenzi vinatupa kivuli juu ya kile unachotaka kukiona. Stopu nyingine imeliwa, na hii haimo katika hesabu yoyote. Kava ivueni mkiwa karibu. Hili ndilo jambo la pekee ambalo halina gharama katika hotuba yote.

Umbali una maana nyingine tena. Katika milima hii kuna nyoka wa mitini mwenye vipembe juu ya macho, Atheris ceratophora, ana sumu, na ni mzuri kiasi cha kumfanya mtu asahau akili zake. Huyo hapigwi kwa lenzi ya milimita 60. Afadhali apigwe akiwa mdogo ndani ya fremu, kwa lenzi ndefu, na mtu aliye nyuma yako akikushika mkanda.

Nimefika kwenye ushauri wangu wenyewe, na najua wako wasioukubali, wengine wakiwa wamekaa mstari wa mbele. Kwa msitu wetu, flashi ndiyo inayopaswa kulipa. Fedha mliyokuwa mkiweka kwa ajili ya lenzi ya pili iwekeni kwenye flashi ndogo ya kawaida, hata iliyotumika. Hoja yangu si kwamba inaongeza mwanga tu. Flashi ya juu ya kamera ikipunguzwa nguvu hadi 1/32 huwaka kwa muda wa karibu 1/10,000 ya sekunde au mfupi zaidi. Mkiweka kamera 1/200, f/11, ISO 200 kwa ukubwa halisi chini ya miti, mwanga wa msitu hauandiki chochote. Kinachochora picha ni ule mmweko peke yake, na kwa mmweko huo kinyonga hayumbi, wala ninyi hamyumbi. Mara moja matatizo ya mikono niliyoyazungumza kwa dakika kumi yamepungua na kubaki moja, la fokasi. Na kwa kuwa flashi iko sentimita 10 au 15 tu kutoka kwa mdudu, nguvu ndogo inatosha, betri zinadumu, na inawaka tena kabla hamjamaliza kuvuta pumzi.

Wanaoichukia flashi wana sababu. Wameiona ikimpiga mbawakawa mgongoni na kuacha doa jeupe kama sarafu, wakasema inaua uhai. Doa lile ni picha ya flashi yenyewe, kwa sababu mgongo wa mbawakawa ni kioo. Basi ifanyeni flashi iwe kubwa machoni pake. Kateni dumu jeupe la mafuta ya kula, lile la lita tatu au tano, lioshwe vizuri kwa sabuni, mchukue ubavu wake uliopinda, utobolewe upande mmoja ili uingie kwenye lenzi, na upande wa pili upokee mwanga wa flashi kutoka juu. Kipande cha upana wa sentimita 15 kilicho sentimita 10 kutoka kwa mdudu kwake ni anga lenye mawingu. Kama bado kuna doa, wekeni karatasi laini ya jikoni kati ya flashi na dumu. Kila safu inakula mwanga, ndiyo, lakini hapa tuna mwanga wa kutosha kula. Zipo pia flashi za duara zinazofungwa mbele ya lenzi. Ya kwanza ilibuniwa na Lester Dine mwaka 1952 kwa ajili ya picha za meno, na kwa meno bado sijaona mfano wake. Kwa wadudu mimi siipendi, maana inafuta vivuli vyote na kuacha pete kwenye macho yao.

Lawama moja ya flashi naikubali bila ubishi: nyuma ya mdudu panakuwa peusi kama usiku, kwa sababu mmweko uliopimwa kwa sentimita 10 haufiki sentimita 60. Pengine inapendeza, kwa kipepeo wa mchana inadanganya. Tafuteni pembe ambayo nyuma kuna jani la karibu, au mwombeni mwenzenu ashike jani hapo, au mpandishe ISO hadi 800 na kushusha shata hadi 1/60 ili msitu nao uandike kidogo.

Wasio na lenzi ya makro wasiondoke wakiwa wanyonge. Lenzi ya milimita 50 ikiwekewa vipande vya kurefushia, vinavyofungwa kati yake na kamera, vya jumla ya milimita 25 inafika nusu ya ukubwa halisi. Vipande hivyo havina kioo ndani, lakini mwanga unapungua vilevile kwa hesabu yetu, 2.25, jambo linalothibitisha kwamba vioo havikuwa na hatia. Chagueni vyenye vigusano vya umeme vinavyounganisha kamera na lenzi, la sivyo tundu halitakubali amri. Kioo cha kukuzia kinachofungwa mbele ya lenzi, kwa upande wake, hakidai mwanga wa kuonekana, kwa kuwa hakiisogezi lenzi mbali na kihisi. Kinadai ubora wa kingo za picha, na cha bei rahisi kinadai sana. Vizidishi, yaani vioo vya kukuzia vinavyokaa kati ya kamera na lenzi, sivipendekezi msituni: kile cha mara mbili kinakula stopu mbili zake juu ya zile mlizokwisha kudaiwa.

Neno langu jingine ni la kupunguza tamaa. Si kila mdudu anadai ukubwa halisi. Kutoka ukubwa halisi hadi nusu yake mnarudishiwa karibu stopu moja, na kina cha picha kinakuwa karibu mara tatu. Kihisi cha megapikseli 24 kikikatwa pembeni mpaka ibaki robo ya eneo lake bado kinaacha megapikseli sita, zinazotosha kurasa za gazeti na ukuta wa sebuleni. Picha zangu nyingi ambazo watu husifu ukaribu wake zilipigwa kwa nusu, au pungufu ya nusu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nimeona. Pale mezani pembeni nimeweka sahani ya mchele, lenzi tatu, kurunzi moja, na madumu manne yaliyokwisha kuoshwa pamoja na mkasi. Naomba wale wenye kamera za Nikon wakae upande wa dirisha na wenye Canon upande wa mlango, kila mmoja achague punje moja ya mchele, aanze umbali wa hatua mbili, na asogee polepole mpaka punje ijae kadiri lenzi yake inavyoweza, akiandika kwenye karatasi kasi ya shata katika kila hatua. Tundu liwe f/8, ISO isiguswe. Mkimaliza kuandika, tutakata madumu.